Majivu Hufuata Bonde

Siku Mzee Byamungu alipogawiwa kiwanja chini ya kilima kule Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti. Wenzake waliotoka naye kituo cha mapokezi cha Kabazana wakadhani jua limemwingia kichwani. Wao walikuwa wakilalamika, na sababu walikuwa nazo: viwanja vilijaa mawe, maji yalikuwa mbali, na turubai la kujengea lilitosha labda familia ya panya. Yeye hakuyaona hayo. Aliona kilima chenye nyasi mpaka juu, akamgeukia Orpa, mjane wa mwanawe.

"Sasa batoto bamepata fasi ya kukimbilia."

"Kukimbia nini, baba?"

"Moto."

Orpa hakubishana. Alikuwa ametoka Kalehe, huko Kivu, na Anne mgongoni na Prince mkononi, mumewe ameuawa vitani, na katika ukoo mzima mtu aliyebaki wa kumwita baba alikuwa huyu mmoja. Kama anataka kilima, na apewe kilima.

Msimcheke mapema. Kwa miaka mingi mzee huyu alikuwa mpagazi huko Goma, akiwabebea vyombo wataalamu waliopanda kuipima volkano iliyo juu ya mji. Mwaka 2002 mlima ulipopasuka na moto ukashuka hadi katikati ya mji, watu walitawanyika ovyo, lakini yeye aliwakusanya wa kwake akawapandisha kwenye kilima kidogo kando ya njia. Moto ukapita chini yao, ukifuata mabonde na kula nyumba. Wakapona wote. Tangu siku hiyo alikuwa na sheria moja, akaiweka juu hata ya zile za kanisani: moto ukija, panda, usifuate bonde.

Na kwa kuwa hakuiamini sheria isiyofanyiwa mazoezi, alichukua mkebe mtupu wa mafuta ya msaada akautundika mlangoni. Siku yoyote, saa yoyote, alipojisikia tu, aliupiga kwa kijiti, nao watoto iliwapasa kuacha kila kitu, hata sahani ya maharage, na kukimbia kwenda juu. "Mupande! Mupande!" aliwafokea, na majirani walitoka nje kutazama, maana burudani nyingine kijijini haikuwepo. Walimuuliza volkano ya Nakivale itatokea wapi, ziwani au kwenye kisima? Yeye aliwajibu kwamba hata Goma watu walikuwa wakicheka.

Prince, aliyekuwa na umri wa kuuliza maswali, akamuuliza moto unajuaje kufuata bonde. Swali hilo mzee alilipenda. Alitoa bati moja kuukuu, akaliegemeza juu ya mawe liwe na mteremko, akachekecha majivu ya jikoni mpaka yakawa laini, kisha akayarudisha juu ya makaa ndani ya sufuria iliyotoboka. Wakati yanapata moto, akawakalisha wajukuu wake chini.

"Moto ya Goma ni nzito," alianza. "Inatembea. Unaweza kuiona na bado ukafunga mizigo. Lakini Docteur Gervais aliniambiaka kuna milima ingine, fasi za mbali, haitoke ile bugali ya moto. Inatoka majivu na gazi, vimechanganyika, moto kupita jiko yote. Inapanda juu, inachoka, inaanguka. Na ikianguka haikae. Inakimbia."

Huyo Docteur Gervais alikuwa mtu wa Bukavu aliyesomea milima ya moto, na Byamungu alikuwa amembebea hema na vipimo kwa miaka. Jioni, wakiwa wamepiga kambi mlimani, daktari alikuwa na tabia nzuri ambayo wasomi wengi hawana: alimweleza mpagazi wake kile alichokuwa anakipima. Byamungu alimshukuru mtu yule mpaka uzeeni.

"Majivu inakimbia namna gani, Koko?" Prince aliuliza. Koko ndivyo watoto wa Kivu wanavyomwita babu.

"Angalia."

Akainamisha sufuria juu ya bati. Watoto walingoja kuona kichuguu, lakini majivu yalimwagika kama maji. Yaliingia kwenye mifereji ya bati, yakateremka bila kelele, yakafika chini, yakatandaa na kutoa vidole. Kisha yakasimama ghafla, yakalala bapa, na ungedhani hayajawahi kusogea. Prince alikimbia kuleta majivu ya jana, baridi na yenye unyevu, akayamwaga vilevile. Yalianguka pu, bonge, yakabaki palepale.

Mzee alieleza alivyoelezwa. Majivu yenye moto yamejaa hewa katikati. Hewa ile ikipata moto inavimba, inazibeba chembe, hazisuguani, kila moja imekalia upepo wake. Upepo ukishatoka wote, majivu yanakaa chini na safari imekwisha. Huko kwenye milima mikali kazi hiyo inafanywa na gesi, na majivu yanabeba hata mawe makubwa kama nyumba, tena yanakimbia kuliko gari lolote la Mbarara. Hakuna anayeshindana nayo mbio. Unaweza tu kuwa umeshaondoka njiani mwake.

"Na njia yake ni wapi?" akauliza, kama mwalimu.

"Bonde!" Prince akajibu.

Anne hakuwa na habari na bonde. Alikuwa akitazama juu ya bati. "Koko, ile ingine imepanda."

Kweli, ilikuwa imepanda. Juu ya majivu yaliyofuata mifereji kulikuwa kumenyanyuka wingu jepesi la kijivu, nalo halikujali mfereji wala tuta. Lilivuka migongo yote ya bati, likasafiri na sasa lilikuwa linatua kwenye nguo alizozianika Orpa. Na hili pia Docteur Gervais alikuwa amelisema, tena kwa kusisitiza: kwamba wingu lile lina miili miwili, mzito unaokimbia bondeni na mwepesi unaopanda juu yake, na huo mwepesi unaweza kuacha bonde, ukavuka kilima, ukawaua watu waliodhani wamepona. Byamungu aliyakumbuka maneno hayo vizuri sana. Lakini sheria yenye "lakini" ndani yake ungeipigaje kwenye mkebe?

"Hiyo ni vumbi tu," alisema.

"Vumbi tu," Orpa alisema akikung'uta blauzi, "na mwenye kufua ni mimi."

Yaliyofuata yalitokea katika kiangazi cha mwaka 2012, mwezi wa saba, nyasi zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga. Orpa alikuwa ameenda mjini Mbarara kuuza maharage. Mzee alikuwa shambani, upande wa pili wa bonde, akilinda mtama wake dhidi ya ndege, na mkebe alikuwa nao kwa kazi hiyohiyo. Watoto walikuwa nyumbani. Mtu fulani huko chini, ambaye mpaka leo hajajitaja na hatutamtaja, alichoma takataka za shamba lake, upepo ukamnyang'anya moto.

Byamungu aliona moshi kwanza, karibu na nyumba yake. Kisha akaona vitu viwili vidogo vikipanda kilima, kimoja kimevaa gauni jekundu. Walikuwa ni Prince na Anne, wanapanda kama walivyofundishwa, bila kuangalia nyuma. Moyo wake ulijaa. Bwana asifiwe, alisema kwa sauti peke yake katikati ya mtama, wamekumbuka bila hata kuambiwa!

Halafu moto ukageuka, ukapanda.

Alikuwa hajawahi kuona moto unaopanda. Moto wake wote aliojifunza ulikuwa wa kushuka. Huu wa nyasi uliegemea kwenye mteremko, ndimi zikazilamba nyasi za juu kabla moto wenyewe haujafika, zikazikausha, zikaziwasha, na upepo ulikuwa nyuma yake unausukuma. Kadiri mteremko ulivyozidi kuwa mkali ndivyo ulivyozidi mbio. Watoto walikuwa wanaenda mahali hasa ambapo moto ulikuwa unaenda, nao moto ulikuwa na miguu mirefu kuliko yao.

Mzee akashika mkebe, akaupiga kwa nguvu zake zote. Alitaka wamsikie, wageuke, waone. Na walimsikia. Upepo uliipeleka sauti ile moja kwa moja hadi kilimani, nao wakafanya kile walichokuwa wamekifanya kila mara waliposikia mkebe: wakazidisha mbio kwenda juu.

Alipiga tena kabla hajaelewa. Kisha akaelewa. Aliutupa mkebe ule mbali akakimbia, mzee wa magoti mabovu, akishuka bondeni na kupiga kelele, "Mushuke! Mushuke!" lakini sauti ya mtu si sauti ya bati, haikufika popote.

Sasa nimlete Kabera. Kabera alikuwa Mnyankole, mfugaji, wa kijiji cha wenyeji kilichopakana na makazi ya wakimbizi. Byamungu alimjua kwa jambo moja, kwamba ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mtama mara mbili. Mara ya pili mzee alikuwa amemwita mwizi mbele ya soko zima la Base Camp, makao makuu ya makazi yale, akaongeza na maneno ya Kihavu, lugha ya kwao, ambayo nashukuru hakuna aliyeyatafsiri. Siku ya moto Kabera alikuwa begani mwa kilima akiwahamisha ng'ombe wake. Aliwaona watoto wawili wanapanda mbele ya moto, akaacha ng'ombe.

Kukimbia kwenda kileleni pamoja nao hakukimbia. Alikuja kwa ubavu, akikata mteremko, akamnyakua Anne akambana chini ya kwapa, akamkamata Prince shati.

"Chini! Kuja chini!"

"Hapana! Koko alikataza!" Prince alilia, na akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka.

Kabera hakuachia. Aliwakokota kwa ubavu hadi mahali ambapo ng'ombe wake walikuwa wamekula nyasi wiki nzima, zimebaki fupi kama nywele zilizonyolewa. Pale moto haukuwa na cha kula, ulikuwa umefika magotini tu. Akaziba uso wa Anne kwa kofia yake, akapiga ukelele wa kuswagia ng'ombe, akapita nao katikati ya moto, akatokea upande wa pili, kwenye ardhi nyeusi iliyokwisha kuungua. Moto ukaendelea kupanda bila wao. Kileleni, pale ambapo mazoezi yote yalikuwa yakiishia, uliwaka mpaka mawe yakapasuka.

Byamungu aliwakuta wamekaa kwenye weusi ule. Anne alikuwa mapajani mwa Kabera, ndara zake za plastiki zimeyeyukia miguuni. Alikuwa hai. Mzee alifungua kinywa aseme aksanti na hakuna kilichotoka, akabaki amesimama anafungua na kufunga kinywa, mpaka Kabera akamwambia, kwa neno la heshima la kwao, "Mzee, kwanza maji, ssebo. Maneno kesho."

Zahanati ilimpokea Anne, ikampeleka hospitali Mbarara kwa gari siku ileile. Orpa aliwakuta hukohuko, amekimbia kutoka sokoni na kilemba kimemwangukia mabegani. Prince alimsimulia mama yake yote, na hakumsingizia mtu. "Moto ilikuja, tukapanda. Halafu tukasikia mkebe, tukapanda mbio."

Orpa alimtazama baba mkwe wake. Hakumtukana, na afadhali angemtukana. Alinyoosha mkono tu akachukua kitenge cha mtoto kutoka mikononi mwa mzee, akakikunja, akakiweka upande wake.

Tangu siku hiyo hakumwachia mtoto hata mmoja. Orpa alimpeleka Prince kwa rafiki yake wa kanisani, ng'ambo ya mto Rwizi huko Nyamitanga, mama mwenye vyumba viwili na watoto sita ambaye alisema wa saba hataonekana. Mwenyewe alilala chini ya kitanda cha Anne. Mzee alipokuja, Orpa alimsalimu kwa heshima zote, akampa kigoda, na akabaki palepale. Hata akienda kuchota maji alimwomba muuguzi amwangalizie mtoto, na koko wake amekaa hapohapo. Byamungu alielewa. Alikuwa mtu ambaye neno lake lilikuwa karibu kuua, na mtu wa namna hiyo haachiwi mtoto. Kila alipopanda gari kurudi Kashojwa alihesabu kwamba hii ndiyo familia yote aliyokuwa nayo duniani, na kwamba ilikuwa inamponyoka.

Hata hivyo alishukuru, na ninataka lieleweke kwamba hakuwa anajilazimisha. Alimshukuru muuguzi aliyebandua plastiki miguuni mwa Anne kidogo kidogo akiimba. Alimshukuru mama wa Nyamitanga. Aliwashukuru hata ng'ombe waliokula nyasi zile, na mtama wake, kama wangeutaka tena, wangeukuta.

Siku moja Kabera aliingia wodini, mguu mmoja umefungwa bendeji, mkononi kidumu cha maziwa. Byamungu aliinuka, akaanza kupiga magoti palepale sakafuni. Kabera akamshika kwapani.

"Hapana, mzee. Mimi si kanisa."

"Nilikuita mwizi."

"Eeh, uliita. Na ng'ombe yangu ilikula mtama yako kweli." Akacheka, akanyoosha mkono wenye kovu la meno. "Angalia hii. Prince hii. Moto iko hapa, kama mlango ile, na yeye naniuma, nasema koko alikataza. Mimi iko na watoto tano, mzee. Hakuna moja nasikia mimi. Hata mimi naita kula chakula, hapana kuja mbio hivi."

Kila mtu wodini alicheka isipokuwa mzee. "Ni kule kusikia kulitaka kubaua," alisema.

Kabera aliacha kucheka. Akammiminia Anne maziwa kikombeni, akangoja anywe, ndipo akajibu, "Kusikia si mbaya. Wewe sema tu maneno yote."

Kabera alipoondoka, mzee alibaki akitazama miguu ya Anne iliyofungwa. Orpa alikuwa kwenye mkeka, anamenya ndizi. Mtoto ndiye aliyeanza.

"Koko, siku ingine ukituambia tupande, tupande?"

Byamungu alijifuta uso. "Siku ingine uniulize kwanza. Ni moto gani? Iko wapi? Inaenda wapi? Kama sijibu, usipande. Kama sijue, nitakuambia sijue." Kisha akaungama. "Siku ile ya majivu ulisema kweli. Ile ingine ilipanda. Docteur aliniambiaka vile, na mimi nilikuficha."

"Nilijua," Anne alisema. "Manguo ya mama ilichafuka yote."

Kisu cha Orpa kilisimama, na mabega yake yakatikisika. Mzee alidhani analia, akainamisha kichwa. Alipoinua macho aliona kwamba anacheka, na kwamba ndiyo, analia pia.

Orpa alimaliza ndizi zake. Alinawa mikono, akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Baba, shule inafunguliwa. Ninamupeleka Prince Kashojwa, na nyumba haiwezi kukaa bila mutu. Nitarudia siku ya Mungu, kanisa ikiisha."

"Sawa, mama. Nitakusindikiza mpaka kwa gari. Nani anabaki na Anne? Yule mama wa Nyamitanga?"

"Ni wewe."

Orpa alikuwa ameshaanza kumweleza: dawa ya jioni ni chungu na ataitema, ampe na maziwa. Wakati wa kubadilisha bendeji atataka mkono wa kushika, ampe mkono, lakini asimtazame usoni kwa sababu anaona aibu kulia. Halafu akakichukua kile kitenge cha mtoto alichokuwa amekikunja siku ya kwanza, akamwekea mzee mapajani.

"Na kama kitu kikitokea, Orpa?" aliuliza, yeye aliyekuwa na sheria kwa kila mtu. "Nifanye nini?"

"Utaangalia, baba," Orpa alisema. "Utaangalia, utaona, utafanya."

Akambusu Anne kwenye paji la uso, akamshika mzee bega, akatoka. Byamungu alisema aksanti, akaisema tena mlango ulipokwisha kufungwa, safari hii sauti yake ikatoka. Kisha akavuta kigoda karibu na kitanda, akamfunika mtoto, akakaa akiangalia.